Taji Ghorofa ya Nne

Taji lilifika Jumapili mchana, na kufikia Jumatatu asubuhi lilikuwa limeshageuka kosa.

Barua pepe ya kamati ya jengo iliingia kwenye simu ya Natércia akiwa anakunywa kahawa wima wima, mkoba begani, tayari kwenda kazini hospitali. Aliisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili aliisoma kwa sauti, kwa sababu mama yake, Bi Deolinda, alikuwa ameketi sebuleni mbele ya altare aliyoipamba kwa mikono yake: shuka jeupe, maua ya karatasi, taa ndogo za rangi, na juu kabisa lile taji la fedha la Roho Mtakatifu lenye njiwa kileleni. Alimtazama binti yake kama mtu anayesubiri pongezi.

"Wanasema mlango mkubwa ulishikiliwa wazi kwa gunia la unga," alisema Natércia. "Wanasema watu wasiojulikana walipanda lifti. Wanasema bendi ya matarumbeta ilipiga ndani ya eneo la jengo."

"Ilipiga vizuri," alisema Bi Deolinda.

"Mama."

"Nini? Taji linaingia nyumba ya mtu kwa muziki. Ulitaka liingie kama mwizi?"

Roland, mume wa Natércia, dereva wa malori aliyestaafishwa na mgongo wake, alikuwa mezani anapaka mkate siagi. Huyu alikuwa mtu wa amani, yaani mtu wa kukaa mbali na kila jambo mpaka lipite. "Soma pale pa faini," alisema bila kuinua kichwa.

"Dola mia mbili. Wakirudia watu kuingia vile, inaongezwa."

"Wakirudia?" Bi Deolinda alicheka. "Leo ni Jumatatu, mwanangu. Watakuja leo, kesho na keshokutwa, mpaka Jumamosi. Taji litashinda nyumbani kwetu wiki nzima."

Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Sisi Wareno wa visiwani tulioletwa Fall River, Marekani, na njaa tuna desturi moja tusiyoilegeza. Kila mwaka baada ya Pasaka taji huzunguka nyumba saba, kila nyumba wiki moja, na nyumba hupatikana kwa kura. Mwenye nyumba hadaiwi dhahabu wala mavazi. Anadaiwa mlango. Kila jioni mlango wake uwe wazi, na yeyote anayetaka aingie, asali rozari, ale, aondoke. Haulizwi jina wala katoka wapi. Bi Deolinda alikuwa ameingiza jina lake kwenye kura tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na mwaka baada ya mwaka jina lilibaki ndani ya kopo la kura. Safari hii lilitoka. Alikuwa na miaka themanini na moja na moyo uliokuwa ukipiga na kuruka, na daktari alishamwambia Natércia ayafanye mambo ya mwakani mwaka huu.

Kumbe alipoingiza jina hakumwambia mtu kwamba amehama. Kwake nyumba ilikuwa nyumba. Haikumpitia akilini kwamba ipo nyumba unayoweza kuilipia mpaka senti ya mwisho na mlango wake usiwe wako.

Jengo lenyewe lilikuwa kiwanda cha nguo cha Harrow, mawe matupu kutoka chini mpaka juu, na Bi Deolinda alifuma humo ndani tangu aliposhuka kutoka kisiwa cha São Miguel mpaka siku walipofungiwa lango. Kisha kiwanda kikalala miaka mingi na njiwa zake. Kisha wakaja watu wenye kofia za plastiki, wakagawa vyumba, wakaviita fleti, wakauza. Natércia alinunua kwa sababu ya lifti. Magoti ya mama yake yalikuwa yamekataa ngazi za ile nyumba yao ya mbao ya ghorofa tatu. Fleti waliyoipata ilikuwa ghorofa ya nne, katika chumba kilekile cha kufumia. Siku ya kwanza Bi Deolinda alizunguka nguzo za mbao akizigusa, akasimama mahali. "Mitambo yangu ilikuwa hapa," alisema. "Sasa mmeweka choo."

Madirisha yalikuwa marefu kuliko watu wawili na hayakufunguka. Sakafu ilikuwa na madoa meusi ya mafuta ya mashine, na wauzaji waliyasifu madoa yale kwenye matangazo yao, wakaongeza bei kwa ajili yake. Mafuta hayo yaliwahi kusuguliwa kwa magoti na wanawake kila Jumamosi bila malipo. Sasa yalikuwa historia, na historia inauzwa ghali.

*

Jumatatu jioni Natércia aliteremka kuwafungulia watu kwa kadi yake. Alimkuta Bwana Graham Pell ameshatangulia.

Bwana Pell alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wenye fleti, mwanasheria wa kodi aliyehamia kutoka Boston, mtu wa sauti ya chini na viatu visivyotoa mlio. Alisimama kwenye ukumbi wa chini, kati ya mtambo wa zamani wa kufumia uliopakwa rangi na kuzungushiwa kamba nyekundu, na picha kubwa za ukutani za wafumaji waliojipanga langoni na aproni zao.

"Habari ya jioni, Terri," alisema. Watu wa jengo lile walimwita Terri. Jina lake liliwashinda, naye hakuwahi kuwasahihisha. "Hawa wote ni wageni wako?"

"Wa mama. Ni sala tu, Graham. Nusu saa wameondoka."

"Naelewa. Ni suala la usalama tu."

Watu walikuwa wakiingia wawili wawili, wamevaa vizuri, wanazungumza kwa sauti za kanisani. Komadre Filomena, mama wa ubatizo wa Natércia, aliingia na mkate mtamu kifuani kama mtoto mchanga. Nyuma yake akaja Mzee Tibúrcio, fundi wa mitambo wa zamani wa humo humo ndani, amevaa suti yake ya harusi iliyokuwa ikimpwaya, mikononi sinia la maharagwe lililofunikwa kwa taulo. Bwana Pell alinyoosha vidole viwili akavigusisha kifuani kwa mzee.

"Wanaoleta chakula wanapita nyuma," alisema. "Kwenye mlango wa mizigo."

Mzee Tibúrcio aliviangalia vile vidole. "Mimi sileti chakula," alisema kwa Kiingereza chake kizito. "Nakuja kusali. Chakula ni changu."

"Mlango wa mizigo uko nyuma, bwana."

Natércia aliona yote, na alikuwa karibu kiasi cha kugusa mkono wa yeyote kati yao. Neno moja lingetosha. Badala yake alimgeukia mzee, akasema upesi kwa Kireno, "Mzee Tibúrcio, nisamehe, zunguka tu. Nakuja kukufungulia kule."

Mzee akazunguka. Alipita kwenye mapipa ya taka na suti yake ya harusi, sinia mkononi, mtu aliyekuwa akiijua kila parafujo ya jengo lile. Binti wa watu aliyemlea magotini mwake alikuwa akimkimbiza kama muuza samaki, na bwana mwenye viatu laini akaona jambo limekwisha kwa ustaarabu.

Huko juu Bi Deolinda alimpokea mlangoni, akavuta pua. "Tibúrcio, mbona unanuka maganda ya ndizi?"

"Wamenipitisha mlango wa wageni wa heshima," alisema mzee, na watu wakacheka, kwa sababu kucheka ndiko kulikokuwa karibu. Natércia aliingia jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

*

Jumanne kamati ilikaa. Walikuwa Bwana Pell, Bi Lorna Haskett mtunza hazina, na kijana mmoja wa kompyuta ambaye hakusema lolote. Natércia alikaa upande wa pili wa meza na mikono mapajani.

"Kwanza nataka ujue tunaupenda sana utamaduni wenu," alisema Bwana Pell. "Ni sehemu ya mvuto wa jengo hili."

"Nimepika biskuti zenu zile," aliongeza Bi Lorna. "Mama yako alinipa namna ya kuzipika. Tamu mno."

"Asante," alisema Natércia.

"Tatizo ni milango. Watu wamelipa pesa nyingi ili waishi mahali penye usalama."

Natércia alikuwa ameandaa maneno yake tangu asubuhi. "Mwezi wa kumi mlifungua milango kutwa," alisema. "Ile siku ya urithi. Waliingia watu mia mbili na zaidi. Mlimketisha mama kwenye mtambo pale chini na aproni mliyomnunulia nyinyi, akawaonyesha kufunga uzi. Watu walimpiga picha. Hakuna aliyeulizwa jina."

"Ile ilikuwa shughuli ya jengo," alisema Bwana Pell kwa upole.

"Na hii ni shughuli ya mama."

"Basi ndiyo tofauti yenyewe, Terri. Umeieleza vizuri kuliko mimi."

Bi Lorna aliegemea mbele na sura ya mtu anayetaka kusaidia. "Hebu tuambie, hawa ni ndugu zenu? Familia inaeleweka. Familia ina nafasi yake kwenye kanuni."

Natércia alifungua mdomo. Angeweza kusema kwamba Filomena alimnyonyesha yeye, Natércia, mama yake alipougua homa ya uzazi. Angeweza kusema kwamba Mzee Tibúrcio ndiye aliyelibeba jeneza la baba yake, na kwamba neno ndugu likiwakosa hawa halina maana yoyote. Lakini alikuwa na miaka hamsini na mbili, na nusu ya miaka hiyo alikuwa ameitumia kujifunza asionekane mtu wa kelele, mtu wa harufu ya vitunguu, mtu wa viwandani.

"Hapana," alisema. "Ni watu wa kanisani tu."

Kamati ikatoa ruhusa. Watu kumi kila jioni, majina yafikishwe kabla ya saa sita mchana, mwenye fleti awafuate wote kutoka mlangoni mpaka juu na kurudi. Bwana Pell alimshika bega wakiagana. "Nilijua tutaelewana. Wewe ni mtu wa busara."

Na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba Natércia alifurahi kuambiwa hivyo. Alipanda lifti na ile furaha, ikaozea njiani.

*

"Kumi," alisema Bi Deolinda siku ya Jumatano. "Na nani anawachagua hao kumi?"

"Mimi. Nimeshawapelekea."

"Wewe." Mama alimtazama binti yake kwa muda. "Roho Mtakatifu mwenyewe hachagui, wewe umechagua."

"Ni kumi au hakuna, Mama! Unataka nifanye nini? Hii nyumba tunailipia miaka kumi na tisa mingine. Hawa tunaishi nao."

"Tunaishi juu yao na chini yao. Kuishi nao bado."

"Roland, sema kitu."

Roland alikuwa akitengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. "Mama, kumi si wabaya," alisema. "Kumi wanajaza chumba."

"Wewe nyamaza, ulikuwa unafanya vizuri," alisema Bi Deolinda.

Jioni mvua ilishuka. Natércia aliwapandisha watu wake kumi, Filomena akiwa wa kwanza. Walikaa kwenye viti bila kuegemea, wanaangaliana. Kila mmoja alikuwa amewapita wengine mlangoni ili kufika pale, na kila mmoja alijua kawapita akina nani. Bi Deolinda aliwahesabu kwa macho, kisha akauendea mlango wa fleti, akachungulia kwenye korido.

"Tibúrcio yuko wapi?"

Filomena alishughulika na shanga za rozari yake.

"Nimeuliza."

"Hayumo," alisema Natércia. "Mama, ilibidi nichague, na juzi kulikuwa na yale mambo pale chini, nikaona bora kesho."

Bi Deolinda alikwenda dirishani. Kule chini, upande wa lango, watu walikuwa wamesimama chini ya miavuli kama watu wa mazishini, thelathini au zaidi, vyungu na sinia mikononi, na Mzee Tibúrcio bila mwavuli, kofia imelowa. Bi Deolinda alitafuta kwa mkono mahali pa kusukuma dirisha. Hapakuwapo. Aligonga kioo kwa pete yake ya ndoa. Kioo kilikuwa kinene na mvua ilikuwa nyingi, hakuna aliyeinua uso.

Alirudi akakaa kwenye kiti chake kando ya taji. Akakaa tu.

"Tuanze, Mama," alisema Natércia. "Watu wanasubiri."

"Ndiyo. Wanasubiri kwenye mvua."

"Tuanze, tafadhali."

"Rozari ya Taji haianzi mlango ukiwa umefungwa. Hilo si langu kulibadilisha, wala si lako, wala si la yule bwana wa viatu vya paka." Alizima zile taa ndogo za rangi mwenyewe. "Nendeni nyumbani, jamani. Mnisamehe. Sikujua nimehamia wapi."

Tangu wazee wetu walete taji ng'ambo hii, hatujui nyumba iliyolaza taji bila rozari. Imeshasaliwa nyumbani kwenye maiti, imeshasaliwa kwenye tufani ya theluji. Usiku ule haikusaliwa. Bi Deolinda hakula supu yake ya sukuma wiki, na asubuhi hakuinuka kitandani. Alimwambia Roland, bila kumwambia binti yake, kwamba viongozi wa chama cha Roho Mtakatifu waje walichukue taji wampe mtu mwenye mlango.

Roland alimwambia Natércia. Pengine ndilo jambo la maana alilofanya mwaka ule. Alilisema kwa simu siku hiyo alasiri, na Natércia, akiwa hospitalini kwenye dirisha lake la malipo na foleni mbele yake, alifunga dirisha, akavaa koti, akaondoka.

*

Alhamisi jioni watu walikuja kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasije, na hata wangeambiwa wangekuja. Walisimama langoni, mvua ikiwanyeshea tena. Ndani ya kioo, kwenye ukumbi mkavu, Bwana Pell alisimama na Bi Lorna Haskett chini ya zile picha, wakiwalinda wafumaji wa ukutani dhidi ya wafumaji wa nje.

Natércia alikuja kwa miguu kutoka kituoni. Alipitisha kadi yake. Taa nyekundu. Akapitisha tena.

Bwana Pell alifungua kwa ndani, kiasi cha upana wa uso wake. "Tumesimamisha kadi yako kwa wiki hii tu, Terri. Mimi mwenyewe nitakufungulia wakati wowote. Tumeona umati jana. Haukuwa kwenye makubaliano."

"Umati ulikuwa nje."

"Ulikuwa ukionekana."

Natércia alikuwa akimtazama Mzee Tibúrcio, ambaye leo hakuvaa suti. Alivaa koti la mvua na viatu vya kazi, sinia lilelile mkononi. Mzee alimwinamishia kichwa kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu karani wa ofisi asiyemtegemea. Hiyo ndiyo iliyomchoma. Laiti angemtukana.

"Nifungulie," alimwambia Bwana Pell. Alipoingia hakwenda kwenye lifti. Aliifuata korido mpaka mwisho, upande wa mfereji, penye mlango wa dharura wenye ubao mwekundu, akausukuma kwa mikono miwili na hasira zote alizozimeza tangu ujana wake.

King'ora kililia. Kililia kila ghorofa kwa pamoja, sauti ya kupasua kichwa, wala hakikuwa cha kuzimwa na mtu yeyote tu. Ufunguo wake ulikuwa kwa msimamizi wa jengo, na msimamizi alikuwa mjini Providence kwenye mechi ya mwanawe. Natércia alisimama kwenye kizingiti, mgongo umeubana mlango, akawapungia watu mkono.

Wakazunguka jengo, wakaja. Walipanda ngazi za chuma za dharura, zilizoanzia pale mlangoni, taratibu, wazee wakishika vyuma kwa mikono iliyovijua, wenye vyungu wakipokezana. Mzee Tibúrcio alipofika kizingitini Natércia alimpokea sinia. Alijaribu kumwambia kitu, lakini king'ora kilikula maneno yote. Mzee alimwona uso, akamgusa shavu, akapanda.

Juu, Bi Deolinda alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake na gauni lake la kulalia na shali. Roland alikuwa amewasha taa za rangi, na mlango wa fleti aliutoa kabisa kwenye bawaba zake akauegemeza ukutani. Watu wakajaa sebuleni, jikoni, kwenye korido mpaka kwenye lifti. Watoto waliziba masikio. Natércia alipofika aliwaza kwamba wamekuja bure, kwamba hapa mtu hawezi kusikia hata kikohozi chake, itasaliwaje rozari?

Bi Deolinda aliinua msalaba wa shanga zake akaanza kutamka. Midomo yake ilisogea wazi, polepole kidogo kuliko mazungumzo. Na Filomena, upande wa pili wa chumba, akaitikia. Mzee Tibúrcio akaitikia. Wazee wote waliokuwa wa kiwanda wakaitikia pamoja, bila kupitana hata neno, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, na vijana wakawatazama wazee wakawafuata.

Chumba kile, enzi za mitambo, kilikuwa na kelele iliyokishinda king'ora hiki mbali. Sauti ya binadamu haikuwa na kazi humo. Wafumaji walisemezana kwa midomo na macho. Habari za harusi, misiba na waume walevi zilivuka kutoka ukuta mpaka ukuta bila kutoa mlio, na mgeni alizoea ndani ya mwaka au alifukuzwa. Hata Kiingereza chao walikipata hivyo, kwa macho kabla ya masikio, kwenye midomo ya wasimamizi waliodhani kelele imewafunika. Hakikuwa Kiingereza cha kanisani. Wengi wao walizijua dharau za Kiingereza kabla hawajajua kuomba maji.

Walikuwa kwenye fungu la tatu la rozari Bwana Pell alipotokea, Bi Lorna nyuma yake na viganja masikioni. Alijipenyeza mpaka pale mlango ulipokuwa. Alipaza sauti, mishipa ikamtoka shingoni. Wapi. Alitazama chumba: makoti yaliyolowa, vyungu, gauni la kulalia, midomo sitini inayosogea bila sauti. Akamwinamia Bi Lorna sikioni, uso wake ukiwa bado umewaelekea watu, akasema jambo. Hakuharakisha. Alikuwa na hakika yuko peke yake. Bi Lorna alitabasamu kidogo.

Midomo ya Bi Deolinda ikasimama. Ikasimama ya Filomena. Ya Mzee Tibúrcio pia, na ya bibi mmoja aliyekaa karibu na friji. Wazee wanne au watano walikuwa wamemkazia macho Bwana Pell, na waliobaki, walipoona wazee wamenyamaza, wakanyamaza.

Muda si mrefu king'ora nacho kikakatika. Msimamizi alikuwa amefika kule chini na ufunguo. Kimya kilichofuata kiliumiza masikio kuliko kelele.

"Bwana Pell," alisema Bi Deolinda. Alizungumza Kiingereza, neno baada ya neno, kama anayesoma kwenye karatasi iliyo mbali. "Umesema, 'Vumilia tu. Kikongwe huyu mwaka haumalizi. Akishakufa, Terri hatatusumbua, huyo tumeshamfundisha kukaa. Na hawa hatutawaona tena humu.'"

Bwana Pell alipoteza rangi. "Mimi sikusema..."

"Umeruka neno moja, komadre," alisema Filomena.

"Nimeliruka makusudi. Kuna watoto."

"Alisema 'hawa wachafu,'" alisema Mzee Tibúrcio, sinia magotini. "Tuwe wakweli mbele ya Taji."

Bi Lorna Haskett alishaanza kurudi nyuma kwenye korido, akiwaomba watu radhi kila hatua ili wampishe. Bwana Pell alibaki na tabasamu lililokosa mahali pa kukaa. Alimtafuta Natércia kwa macho, akampata kando ya altare, koti limelowa, nywele zimemlalia usoni.

"Terri," alisema. "Wewe ni mtu wa busara. Waeleze hawa kwamba kwa kelele ile hakuna mtu angeweza kusikia."

Natércia alisogea mpaka akasimama mbele yake, karibu sana, akaacha kumtazama machoni. Alimtazama mdomo, kama alivyomwona mama yake akiutazama.

"Endelea," alisema. "Sema tena. Nakuona vizuri."

Bwana Pell akafumba mdomo.